Norman Anarudi Nyumbani: Kwa Nini Naitetea Psycho II

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za jioni. Wadogo zangu mliosimama karibu na mlango, viti vipo huku mbele, karibuni mkae.

Mwenyekiti amenipa nafasi ya kusema baada ya picha, na amenipa pia swali ambalo limemkaa moyoni tangu nilipopendekeza filamu hii. Anasema ya kwanza anaielewa. Psycho ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960, hakuna anayebishana nayo. Lakini hii ya pili, ya mwaka 1983, iliyotengenezwa wakati Hitchcock ameshalala kaburini miaka mitatu, ya nini? Muuaji alishakamatwa, siri ilishafichuliwa, daktari alishaeleza kila kitu. Kwa nini watu wazima tukusanyike jioni kutazama sehemu ya pili ya filamu ya visu?

Mzee wangu, swali lako ni la haki, nami nitalijibu kwa moyo wote, maana filamu hii nimeibeba kwa miaka mingi na sijapata mahali pa kuitua.

Mimi niliitazama ya pili kabla ya ya kwanza. Ilikuwa kwenye banda la video, benchi za mbao, kanda iliyochakaa mpaka picha inapandiana. Mliokulia kwenye mabanda yale mnajua kwamba kabla picha haijaenda mbali lazima mtoto amuulize mkubwa aliye karibu naye: steringi nani? Ukishaonyeshwa steringi unatulia. Unajua umshangilie nani, unajua adui ni nani, na unajua kwamba steringi hafi. Siku ile nilimuuliza kaka yangu, steringi nani? Akatazama kioo, akakaa kimya. Nikamuuliza tena katikati ya picha. Akaniambia, "Subiri." Picha ikaisha bado nasubiri.

Kwa hiyo mimi nilijichagulia mwenyewe. Nilimchagua yule mwanamume mwembamba, mrefu, anayeongea kwa kukwamakwama, anayeomba radhi kabla hajakosea. Sikujua kwamba ndiye adui wa filamu iliyotangulia. Nilipokuja kujua, miaka kadhaa baadaye, nilikuwa nimeshampenda, na mapenzi yale sikuweza kuyafuta. Naamini hivyo ndivyo Richard Franklin, mwongozaji wake, alivyotaka kila mtazamaji ajisikie, hata yule aliyeanza na ya kwanza.

Kwa wale waliochelewa kuingia, nirudi nyuma kidogo. Norman Bates ni kijana mwenye gesti ya barabarani ambayo barabara imeihama. Juu ya kilima, nyuma ya gesti, ndiko nyumbani, na ndani ya nyumba yumo mama yake. Anafika mwanamke mmoja, Marion Crane, amekimbia na pesa za mwajiri wake, anachukua chumba, anaingia kuoga, na anauawa kwa kisu chini ya shawa. Anauawa pia mpelelezi aliyekuja kumtafuta. Mwishoni dada yake Marion, anayeitwa Lila, anateremka stoo ya chini ya nyumba, anamgusa bega mama aliyekaa kwenye kiti, na mama anageuka: ni maiti iliyokauka. Mama alikufa miaka kumi iliyopita, amewekewa sumu na mwanawe. Na aliyekuwa akiua akiwa amevaa gauni na wigi ni Norman mwenyewe.

Hapo ndipo ulimwengu mzima ulipomwacha. Amekaa amejifunika blanketi, na sauti ya mama ndani ya kichwa chake. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyeuliza amefikia wapi. Psycho II inaanza kwa kuuliza hivyo, nami sijaona filamu nyingine ya visu iliyoanza kwa swali hilo.

Nataka mkumbuke ilitoka wakati gani. Mwaka 1978 John Carpenter alitengeneza Halloween kwa dola laki tatu na ushee, ikaingiza mamilioni kwa makumi. Halloween yenyewe ni mtoto wa Psycho kwa damu kabisa: msichana wake ni Jamie Lee Curtis, binti wa Janet Leigh aliyeigiza Marion, na daktari wake amepewa jina la Sam Loomis, mpenzi wa Marion. Mwaka 1980 ikaja Friday the 13th, na ilipofika 1982 ilikuwa imeshatoa sehemu tatu. Soko likajua kanuni: vijana, msitu au nyumba, muuaji asiyesema, asiyechoka, asiyekufa, na kila sehemu mpya iwe na maiti nyingi kuliko iliyotangulia. Muuaji wa filamu hizo hana uso. Amevaa kinyago, na chini ya kinyago hakuna mtu wa kuzungumza naye.

Sasa kampuni ya Universal inamiliki muuaji maarufu kuliko wote, na mwigizaji wake bado yu hai. Njia rahisi ilikuwa kumpa kisu kikubwa zaidi na kumwachia vijana kumi. Robert Bloch, aliyeandika riwaya ya kwanza, alikuwa ameandika riwaya yake ya pili mwaka 1982, na humo Norman anatoroka hospitali. Filamu haikuifuata. Mwandishi wa mswada, Tom Holland, alifanya jambo gumu zaidi: Norman hatoroki. Norman anapona.

Hii ndiyo sababu Anthony Perkins, mwigizaji wa Norman, alikubali kurudi. Mwanzoni hakuwa tayari. Aliposoma mswada ndipo alipokubali, na ukimtazama unaona kwa nini. Alikuwa na miaka 28 ilipotoka ya kwanza. Ya pili inatoka ana miaka 51. Mwili ni uleule mwembamba, lakini uso umechoka. Hakuhitaji kinyago; miaka yenyewe ilikuwa imeshamfanyia kazi hiyo. Na mpiga picha ni Dean Cundey, yuleyule aliyepiga Halloween. Mtu aliyelipatia soko kinyago chake maarufu kuliko vyote ndiye aliyepewa kazi ya kuupiga picha uso wa Perkins, akausogelea karibu mpaka tukaona jicho likitafuta mahali pa kutua.

Turudi kwenye mwanzo wake. Franklin anafungua kwa tukio lenyewe la shawa la mwaka 1960, kama lilivyokuwa, nyeusi na nyeupe. Kuna wanaomlaumu kwa hilo, wanasema amekopa utukufu wa mwenzake. Mimi naona amefanya adabu ya mgeni anayemtaja mwenye nyumba kabla hajavuka kizingiti. Kisha picha inabaki kwenye ile nyumba ya kilimani, alfajiri inaingia, na rangi zinajaa polepole. Muziki unaoingia hapo si zile fidla zinazopiga mayowe za Bernard Herrmann, mtunzi wa muziki wa ya kwanza. Herrmann alikuwa amefariki mwaka 1975. Ni wa Jerry Goldsmith, piano taratibu, kama wimbo wa kumbembeleza mtoto katika nyumba ambayo mtoto wake alishakua akaondoka. Ukisikia piano ile unajua hukuja kutazama mashindano ya maiti.

Baadaye tunaingia mahakamani. Hakimu anamwachia Norman. Madaktari wamesema amepona. Na anasimama mwanamke, ameshika karatasi zenye sahihi za watu wanaopinga, anapaza sauti kwamba huyu aliua, na waliouawa hakuna atakayewarudisha. Ni Lila. Ni mwigizaji yuleyule, Vera Miles, aliyeteremka stoo mwaka 1960. Ameolewa na Sam Loomis, na Sam naye amekufa.

Hapa ndipo filamu ilipoanza kunishika roho nilipokuwa mtu mzima. Fikirini Marekani ya wakati ule. Machi 1981 John Hinckley alimpiga risasi Rais Reagan. Juni 1982 baraza la mahakama likamwona hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili, na nchi ikawaka moto kwa hasira. Watu walikuwa wakibishana majumbani na bungeni: mtu aliyetenda akiwa mgonjwa, akishatibiwa, arudi kukaa nasi? Mwaka mmoja baada ya hukumu ile, tarehe 3 Juni 1983, sinema zinafunguliwa na Norman Bates anatoka mlango wa mahakama. Filamu ya kutisha iliingia katikati ya ubishi ule, na haikuchukua upande ulio rahisi.

Maana Lila ana haki. Naomba hili tusilipite. Wapo mashabiki wanaomchukia Lila, wanasema ndiye adui. Mimi siwezi. Dada yake alichinjwa bafuni na gari lake likazamishwa kwenye kinamasi. Miaka ishirini na miwili serikali imemtibu aliyemuua, imemlisha, imemvalisha, na Lila hakuna aliyemuuliza analalaje. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Katika filamu hii kovu ni mbili, zimekaa chumba kimoja cha mahakama, na kila mmoja analitazama la mwenzake kama jeraha alilotiwa yeye.

Sasa Norman anarudishwa nyumbani na daktari wake, anapewa kazi ya kusaidia jikoni kwenye mgahawa wa barabarani, na huko anakutana na msichana mhudumu, Mary, ameachwa na mpenzi wake na hana pa kulala. Meg Tilly ndiye Mary. Norman anamkaribisha gesti, kisha anagundua kwamba meneja aliyewekwa pale, Toomey, ameigeuza danguro, vyumba vinakodishwa kwa saa na dawa za kulevya zinauzwa. Anamfukuza. Namkaribisha Mary moyoni kila nikiona hapo, maana sasa inakuja sehemu niliyosimama hapa kwa ajili yake.

Ni usiku wa kwanza. Wamo jikoni, kwenye nyumba ile. Norman anatengeneza sandwichi. Inabidi ikatwe. Inabidi afungue droo, na ndani ya droo mna kisu cha jikoni, kile kirefu. Basi. Hakuna anayefukuzwa, hakuna mlango unaogonga, hakuna muziki unaorusha watu vitini. Mtu ana mkate na anahitaji kisu. Na hata neno lenyewe linalohusu visu linamkwama kooni, analianza, linavunjika, analianza tena.

Nilikuwa mtoto, kaka yangu kanishika bega, nami nilikuwa nikiomba kwa Mungu kwamba akate tu ule mkate. Simwombei Mary asichomwe. Namwombea Norman asichome. Kaeni na hilo kidogo. Filamu zote nyingine za aina hii zimenifundisha kumwogopa aliyeshika kisu. Hii ilinifundisha kuogopa kwa ajili yake. Siku hizi nikiitazama najua kitakachotokea kwa kila sekunde, na bado mkono wangu unakunja ngumi mpaka kisu kirudi mezani.

Mtaani kwetu alikuwapo mtu aliyerudi kutoka hospitali ya magonjwa ya akili. Alikuwa fundi viatu mzuri kabla hajaugua. Aliporudi alikuwa mpole, amenenepa kwa dawa, anasalimia kila mtu kwa jina. Lakini akichukua kisu chake cha kukatia ngozi, benchi linakuwa tupu. Hakuna aliyemtukana. Waliondoka tu, mmoja mmoja, kwa visingizio. Baada ya miezi michache akaacha ushonaji. Nilikuwa miongoni mwa watoto waliokuwa wakikimbia, na jikoni kwa Norman ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza uso wa yule mtu kutoka upande wake yeye.

Basi karatasi zinaanza kuonekana: kwenye mgahawa, ndani ya nyumba, zimeandikwa kana kwamba na mama. Simu inalia, Norman anapokea, na upande wa pili ni mama. Chumba cha mama kinakutwa kimepangwa kama zamani. Wale mnaopenda kutafuta, Mary na Norman wanapoingia chumba kile mara ya kwanza, kabla taa haijawashwa, tazameni kivuli ukutani upande wa kulia: ni umbo la Hitchcock. Franklin alimpenda mzee huyo tangu ujana wake, alipokuwa mwanafunzi wa filamu California na kumwalika chuoni kwao kuzungumza. Alimwekea nafasi yake palepale.

Tunakuja kujua kwamba Mary ni binti yake Lila. Karatasi na simu ni mpango wao wawili: wamsukume Norman mpaka avunjike, arudishwe ndani. Na Mary, aliyekuja kumvunja, anaanza kushindwa. Kuna usiku Norman ameanguka kabisa, anatetemeka, na Mary anamkumbatia. Norman anamwambia ananukia kama zile sandwichi za jibini za kuchoma ambazo mama alikuwa akimletea alipokuwa na homa utotoni. Katika filamu mbili nzima hilo ndilo jambo jema pekee tunaloambiwa kuhusu mama yake. Mwanamke ambaye dunia inamjua kama fuvu kwenye kiti aliwahi kumchomea mtoto mgonjwa mkate. Perkins analisema kwa sauti ya chini sana, na Tilly hajibu kitu, anaendelea kumshika. Sijui kama kuna tukio jingine katika filamu za visu ambalo waigizaji wameachiwa muda wa namna hii.

Niseme pia yasiyonipendeza, maana sikuja kupamba.

Kuna vijana wawili wanaojipenyeza stoo kwa dirisha ili wawe peke yao, na mvulana anauawa. Tukio hilo lingekaa sawasawa katika filamu nyingine ishirini za miaka ile. Halimhusu Norman, halimhusu Lila. Hapo filamu inalipa kodi sokoni, na unaona inalipa bila furaha. Kifo cha Lila nacho nimekipigania akilini miaka mingi. Anateremka tena stoo ileile, safari hii kuchukua gauni na wigi alivyovificha, na kisu kinamwingia mdomoni. Wazo la kumrudisha stoo ni zuri mno: mahali alipopata ukweli ndipo anapofia ndani ya uongo wake mwenyewe. Lakini namna alivyouawa imetengenezwa ili watu ukumbini wapige kelele, na Vera Miles alistahili kufa kwa heshima zaidi baada ya yote aliyolibebesha jina lile. Hitchcock alitumia siku saba kupiga tukio la shawa, na hata leo watu wanaapa wameona kisu kikiingia mwilini. Hapa tumeonyeshwa waziwazi, na tunaona kidogo zaidi.

Sasa dada mmoja aliyekaa safu ya tatu amenikamata wakati wa chai akiwa na hasira kuhusu mwisho. Dada yangu, hasira yako naiheshimu, na sehemu yake ni yangu.

Daktari wa Norman anakufa kwa bahati mbaya mkononi mwa Mary aliyevaa nguo za mama. Mary anaiona maiti ya Lila, anaamini Norman ndiye aliyeua, anamvamia kwa kisu, na polisi wanampiga risasi. Polisi wanafunga jalada: mama na binti ndio waliofanya yote. Norman yuko huru mara ya pili. Jioni ile mlango unagongwa. Ni Bibi Spool, yule mama mtu mzima wa mgahawani aliyekuwa mwema kwake tangu siku ya kwanza. Anasema yeye ndiye mama yake hasa wa kumzaa, kwamba yule aliyemlea Norman alikuwa dada yake tu, na kwamba yeye Spool ndiye aliyekuwa akiwaua waliomsumbua mwanawe. Norman anamsikiliza, amemwandalia chai yenye sumu, kisha anachukua beleshi na kumpiga kichwani. Anampandisha ghorofani. Sauti ya mama inarudi.

Madai ya Bibi Spool siyapendi. Yanaingia dakika ya mwisho, yanamleta mtu wa pembeni kueleza mambo ya katikati, na yanaichokoza ile ya kwanza ambayo haikuwa na deni. Hata Perkins mwenyewe, alipoongoza Psycho III mwaka 1986, ilibidi waipindue tena habari hiyo: Spool akawa dada tu wa mama yake Norman, mwenye wivu, siyo mama wa kumzaa. Unapoona sehemu ya tatu inalazimika kusahihisha ya pili, ujue palikuwa na fundo lililofungwa vibaya. Hapo dada yangu tuko pamoja.

Lakini beleshi silitoi. Hesabuni nami. Toomey ameuawa na Spool. Mvulana wa stoo, Spool. Lila, Spool. Daktari, Mary. Mary, polisi. Katika filamu nzima, mpaka dakika zile za mwisho, Norman Bates hajamuua mtu. Hata mmoja. Kila mtu mjini alimsubiri aue. Lila alimpangia aue. Mary alilala ameegemeza kiti mlangoni akimngojea aue. Sisi tulionunua tiketi tulimngojea aue, maana jina lake ndilo lililotuleta. Naye alipambana, usiku kwa usiku, karatasi kwa karatasi, na alikuwa anashinda. Anaua wakati ambapo amebaki peke yake kabisa, daktari amekufa, Mary amekufa, na mtu wa mwisho aliyebaki kumtendea wema anamwambia kwamba wema ule wote ulikuwa damu.

Dada umesema mwisho huu unamsaliti Norman. Mimi nasema unamsaliti mtazamaji aliyekuwa anaombea jambo jema, na unaumiza kwa sababu ombi lilikuwa la kweli. Ingekuwa filamu ya kinyago, pigo lile la beleshi lingetufanya tushangilie. Hapa leo nimewasikia, ukumbi mzima mmevuta pumzi halafu mkanyamaza. Mmenyamaza kama watu waliopata habari ya ndugu yao.

Ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 5 na ikaingiza zaidi ya milioni 34 Marekani peke yake. Kwa hiyo waliokwenda walikuwa wengi. Lakini ilikaa muda mrefu chini ya kivuli, kwa sababu watu walikuwa wakiipima na ya kwanza, na ukiipima hivyo itashindwa. Ni filamu chache duniani zisizoshindwa. Franklin alifariki mwaka 2007. Holland alikwenda kutengeneza filamu zake mwenyewe za kutisha, Fright Night na Child's Play. Perkins alimwigiza Norman mara ya nne na ya mwisho mwaka 1990, kwenye televisheni, na mwaka 1992 akafariki akiwa na miaka 60.

Kuna jambo moja la familia hiyo ambalo kila nikilikumbuka naitazama filamu hii upya. Anthony Perkins alifiwa na baba yake, mwigizaji Osgood Perkins, akiwa na miaka mitano tu, akalelewa na mama. Katika Psycho II kuna mahali tunamwona Norman akiwa mtoto. Mtoto yule ni mwanawe Perkins wa kumzaa, naye anaitwa Osgood, jina la babu. Leo ni mwongozaji, ndiye aliyetengeneza Longlegs ya mwaka 2024. Yaani baba, mwenye umri wa miaka hamsini, alimchukua mwanawe mwenye jina la baba aliyemkosa, akamvalisha utoto wa Norman Bates. Watu hawafanyi hivyo kwa kazi wanayoidharau. Alimwamini Norman. Aliamini kwamba kulikuwa na mtoto mle ndani kabla ya yote, na akatoa mtoto wa kwake kutuonyesha.

Nimeona mwenyekiti anaangalia saa. Wiki mbili zijazo tutaitazama ile ya 1960 kwa wale walioanza na hii kama mimi, na ninawaonea wivu, kwa sababu mtamkuta kijana yule akitabasamu kwenye ofisi ya gesti na nyinyi tayari mnamjua akiwa mzee.

Lakini wale mtakaoirudia hii nyumbani, nina ombi. Mkifika jikoni, mwishoni, msilitazame beleshi. Mtazameni Norman anavyomimina chai. Usiku wa kwanza, na mkate na kisu, alikuwa akitetemeka mwili mzima kwa kujizuia. Sasa anamwekea mgeni kikombe, anamkaribisha akae, anauliza kama ana njaa kama mtoto aliyelelewa vizuri, na katika filamu nzima hajawahi kuwa mtulivu hivi.